Kunde za Darini

Kunde sili. Nikialikwa mahali nikaletewa kunde za nazi, husingizia tumbo, na wenyeji hunionea huruma wakidhani ni uzee. Si uzee. Ni hasira, nami nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza dhahabu niliyoachiwa na bibi yangu.

Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana, Tononoka. Mimi na mama tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe yenye paa la sakafu, tambarare, ambalo sote tulizoea kuliita darini. Sikuwa na mume. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa bara, nyuma ya Mariakani, kwenye ardhi kavu ambako mvua hubisha hodi na kuaga papo hapo. Yeye na mumewe walitegemea mahindi, na mahindi yakifa walitegemea kunde. Kunde zao zilikuwa nyekundu, tamu, lakini zilichelewa kukomaa, na mara nyingi jua lilizikuta zingali maua. Kila dada alipokuja mjini nilimwona amepungua. Wanawe walikula kwetu mpaka sinia ikawa nyeupe.

Ndipo nikaamua kumtengenezea kunde zake. Sokoni kulikuwa na kunde kutoka Ukambani, ndogo, mbaya kwa sura, ngumu kuiva jikoni, ila zilizaa upesi na hazikuogopa jua. Nilitaka utamu wa zile na uvumilivu wa hizi katika punje moja. Nikapanda zote mbili kwenye madebe huko darini. Jioni nilifungua tumba la ua kwa pini nikatoa chavua yake kabla haijamwagika, na asubuhi, baada ya sala, nikaligusisha chavua ya mkunde wa aina ya pili, kisha nikafunga uzi mwekundu ili nisilisahau. Mtaani wakasema mwalimu amekosa mume, sasa aozesha kunde. Niliwaacha waseme. Nilipoona ganda la kwanza lenye uzi mwekundu limejaa nilifurahi kama aliyepata mjukuu.

Lakini kuozesha ni mchezo tu. Kazi yenyewe ni kuchagua, na kuchagua ni ukatili. Wajukuu wa kunde hawafanani, kila mmoja amechukua lake, na njia ya kumjua mvumilivu ni kumnyima maji. Niliinywesha miche mpaka ikashika mizizi, halafu nikaacha. Siku za wingu niliitandazia turubai isije ikapata hata manyunyu. Uliolala niliung'oa. Uliosimama ukazaa, niliweka mbegu zake, nikazipanda tena na kuzinyima tena. Mama nilimweleza waziwazi: yale madebe usiyaguse. Akaniitikia, "Haya."

Kila nilipopanda upya, miche iliyobaki imesimama ilizidi kuwa mingi. Mwishowe karibu yote ilisimama. Nikajiona bingwa. Nilimpa dada mbegu zile, akazipanda ubavuni mwa nyumba yake, na msimu ule, kwa bahati yetu mbaya, mvua ilikuwa njema. Zilizaa sana, tamu, zikaiva upesi jikoni, na akapata mbegu za kutosha shamba zima. Zile nyekundu za kwao, walizorithi kwa mama mkwe wake, akazipika zote. Za nini tena, na mdogo wake msomi amempa hizi?

Msimu uliofuata mvua ilinyesha kidogo tu ikakatika. Za majirani zilinyauka lakini zikatoa za kuonja. Za dada yangu hazikutoa hata ganda moja. Mumewe akaja bandarini Kilindini kubeba magunia, akapata chumba mjini, akapata na mke mwingine, na bara hakurudi tena ila kwa mazishi. Dada alikuja nyumbani kwetu amekonda, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe na elimu yako," akasema.

Basi. Kwangu hakuongeza neno tangu siku ile, ila salamu.

Nilirudi darini nikapanda tena zile zile nione kosa liko wapi. Siku moja homa ilinishika shuleni nikarudi nyumbani adhuhuri. Nilimkuta mama kati ya madebe na kata mkononi, anagawa maji yaliyobaki ya udhu wake. Alianza na miche iliyolala zaidi. Iliyosimama imara aliiruka, kwa kuwa hiyo haikuwa na shida. Nilipokuwa nikirejea kila jioni jua lilishakausha udongo, nami sikuona kitu. Kumbe iliyozaa sana, ambayo mbegu zake niliweka kwa fahari, ni ile dhaifu kuliko yote, iliyofufuliwa kwa huruma ya mama.

Nilimuuliza kwa nini. Hakuona aibu wala hakushtuka.

"Mwanangu, majani yalikuwa yafa kwa kiu. Nipite na maji mkononi niyawate? Mngu n'tamjibu nini?"

Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilimchukia na nikambusu mkono, maana ndivyo tulivyolelewa. Madebe niliyatupa. Dada sikumwambia. Mume alikuwa amekwenda zake, shamba halina kitu, na aliyebaki naye ni mama tu. Akija mjini alilala na kichwa mapajani mwake kama mtoto. Nikaona afadhali anichukie mimi.

Mama alikufa kabla miaka ya sitini haijaisha. Matangani wanawake walijaa vyumba vyote, mimi na dada tumekaa mkeka mmoja kwa kuwa hapakuwa na budi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyempenda sana marehemu, akamsifu: hakuwata chenye roho kikae na kiu. Wote wakaitikia amin, na dada pia, machozi yanamtoka. Jirani akaendelea. Hata zile kunde za mwalimu, akasema, alizipandia ngazi kila adhuhuri kuzinywesha, na miguu ile yamuuma.

Dada aliacha kulia. Akaniinamia.

"Wajua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule."

"Na hukunambia."

"Ungemlaani mama."

"Ningemlaani," akasema polepole, "kisha ningemsamehe, ni mama. Wewe nikusamehe kwa lipi?"

Mwanamke mmoja mlangoni aliomba maji. Dada akainuka akampelekea.