Kamera Inayowashwa Wakati wa Kurudi

Kabla ya kukanyaga kiki ya pikipiki, Franck Mulamba anavuta utepe wa mpira uliobana kifua chake. Ameukata kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Katikati ya utepe, juu ya kipande cha kandambili, imefungwa kamera yenye ukubwa wa kiberiti. Anaisukuma kwa kidole. Haichezi. Anaiacha imezimwa, anafunga mifuko ya chumvi nyuma na kuondoka Mikelenge, mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, kuelekea Tunda.

Jirani yake, mama Onema, anamtania: "Franck, leo tena unaenda kupiga matope picha?"

"Matope haikatae picha, maman. Watu njo wanakataa," anajibu Franck, "njo" ya Kindu ikiwa "ndio".

Mulamba ana umri wa miaka 36. Hupeleka chumvi na sabuni Tunda, katika eneo la Kibombo, na kurudi na mchele na mafuta ya mawese. Baba yake, Badibanga, alitoka Kasai akiwa mfanyakazi wa reli. Treni ilipoacha kufika wakati wa vita, mzee huyo alisukuma baiskeli ya chumvi kwenye njia hiyohiyo.

"Papa alikuwa anarudi na miguu imevimba, mama anaitia ndani ya maji ya chumvi," anakumbuka Mulamba. "Sisi watoto tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Miguu ya papa njo ilikula chumvi yetu."

Kamera aliinunua ikiwa imetumika, baada ya wafanyabiashara kukataa kuamini kwamba barabara ndiyo iliyomchelewesha. Kwanza aliifunga kwenye usukani. Picha ilitetemeka kiasi kwamba daraja halikutofautiana na dimbwi. Aliihamishia kwenye kofia, matawi yakaing'oa. Kifuani ilitulia, kwa sababu mgongo wa dereva humeza mishtuko.

Wafanyabiashara wakaanza kumlipa faranga elfu tano kwa picha za video za safari ya kwenda, kiasi kinachokaribia bei ya lita moja ya petroli. Majirani hutazama bure. Hukusanyika mbele ya simu yake na kumpigia kelele kana kwamba bado yuko njiani: "Yaya Franck, pita gauche! Kushoto! Sasa umeona?"

Miongoni mwa watazamaji hao yumo Adèle Bitota, mjane wa miaka 68. Yeye hapigi kelele. Anatafuta jiwe.

Mwaka 1999, Adèle na mumewe, Donatien, walikimbia kutoka Tunda kwa miguu na watoto wawili. Mdogo, Douce, alikuwa na miaka minne. Alikufa kwa homa njiani. Walimzika kando ya barabara, ubavuni mwa jiwe kubwa, wakaendelea hadi Kindu. Donatien amekwisha kufariki. Adèle hajawahi kurudi.

Mwaka huu, vigingi vyekundu vimepigwa pande zote mbili za barabara hiyo. Itapanuliwa, na mifereji itachimbwa kandokando. Msimamizi wa kazi, Édouard, alimweleza Adèle msimamo wake bila kuficha.

"Maman, unionyeshe fasi, pahali penyewe, nitasogeza mfereji. Lakini siwezi kusogeza kazi kwa jiwe ambalo hakuna mtu ameliona."

Mulamba alijitolea kumsaidia. Alimtaka kwanza aeleze jiwe lilivyo, ndipo amwonyeshe picha. Adèle alisema limepasuka kutoka juu hadi chini, na ndani ya ufa Donatien alipachika jiwe dogo.

Alionyeshwa picha zote za safari ya kwenda Tunda. Kila jiwe alilikataa. Bintiye, Déborah, akamwomba aache. Alidhani kumbukumbu ya mama yake imechoka.

"Hii njia mimi siijui," Adèle alisisitiza. Kisha akamuuliza Mulamba: "Hapa Kindu iko mbele ao nyuma?"

"Iko nyuma, maman."

"Mimi nilikuwa natembea Kindu ikiwa mbele."

Adèle aliwahi kuelekea Tunda mara moja tu, ndani ya lori lililofunikwa turubai. Kwa macho yake, barabara hiyo ina upande mmoja: ule wa kukimbia.

Tatizo lilikuwa betri. Ilikwisha kabla ya Tunda, na njiani hakuna pa kuichaji. Ili kupiga picha wakati wa kurudi, Mulamba alilazimika kuzima kamera wakati wa kwenda, kama asubuhi ile ya kuondoka Mikelenge, na kuacha malipo ya wafanyabiashara. Mmoja wao, Célestin, alikasirika.

"Barabara ya kurudi itanisaidia nini?"

"Itakusaidia kujua kama mimi niko muzima, papa. Nikikufa, chumvi yako nani atapeleka?"

Picha za kurudi zilipoonyeshwa, Adèle alizifuata hadi kwenye mteremko mmoja baada ya kijito. "Simamisha," alisema. Akagusa kioo, picha ikaruka. Mulamba akairudisha.

Jiwe lilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Ndani ya ufa kulikuwa na jiwe dogo. Katika picha za kwenda, jiwe hilohilo, likionwa kutoka upande wa pili, ni kichuguu cha majani tu.

"Njo hapa, fasi yenyewe," alisema Adèle. Déborah akamshika mkono.

Hakuna hati ya kifo cha Douce, wala hakuna aliyechimba. Kilichothibitishwa ni jiwe, na kwamba alilieleza kabla ya kuliona. Édouard amekubali kusogeza mfereji, kwa sharti moja: pawekwe alama kabla mashine hazijafika.

Msalaba wa chuma, uliopakwa rangi nyeupe, umeegemezwa ukutani nyumbani kwa Mulamba. Wiki ijayo utafungwa ubavuni mwa pikipiki, na Adèle atapanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani. Ameruhusu kamera, ila ikishalionyesha jiwe izimwe. "Édouard aone jiwe," anasema. "Mimi asinione."

Mulamba amekwisha kupanga safari. Wakati wa kwenda, hawatasimama.

"Tutapita tu, hata kama tunaijua fasi," anasema. "Tutalala Tunda, asubuhi tutageuka. Maman anataka kufika pale Kindu ikiwa mbele."