Mjomba Alitaka Daktari

Sisi tuliokulia Marambo, wilaya ya Nachingwea, kabla ya nguzo za umeme kufika tulikuwa na mchezo wetu tuliouita hospitali. Msimu wa korosho, tukishamaliza kuokota asubuhi na vidole vyetu vikiwa vyeusi kwa utomvu, tulikusanyika nyuma ya nyumba yetu. Mtoto mmoja akawa daktari, mwingine nesi, waliobaki wote wagonjwa. Udaktari uligombaniwa mpaka watu wakanuniana. Mimi sikuugombania. Nilitaka kukaa dirishani, pale dawa zinapotolewa. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu kwenye ua wa mabua, na nyuma yake nilipanga mali yangu: mbegu za mbaazi, punje za ufuta, vidonge vya udongo nilivyovianika juani, na maji ya mabibo kwenye chupa, hayo yakiwa dawa ya kikohozi. Mgonjwa akija nilimwambia kwa sauti nzito, "Kutwa mara tatu, na usile pilipili." Hakuna aliyeikataa dawa ya kikohozi. Wengine walipona, wakaenda mpaka kwenye mkorosho wa pili, wakarudi wanakohoa upya.

Nikimsimulia haya mwanangu ananitazama kwa huruma. Juzi aliniuliza, "Kwa hiyo mama, mlikuwa hamna bando kabisa?" Nikamwambia tulikuwa na miguu.

Na kweli tulikuwa nayo. Miguu ilitupeleka mchakamchaka alfajiri, tukiimba hadi koo zikakauka, ikatupeleka kisimani na madumu ya maji ya shule, kisha jioni ikacheza rede na kombolela mpaka sauti ya mama ikapasua giza: "Hadija! Leo utalala na njaa!" Hakuna siku tuliyolala na njaa kwa sababu ya kuchelewa. Kulikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi zilizochemka tangu mchana, na Bibi, mama yake mama, alikuwa amekwisha kunifunikia changu pembeni.

Likizo ya mwezi wa sita ndiyo iliyokuwa sikukuu yetu, maana tulipelekwa Ruangwa kwa Mjomba Selemani, kaka yake mama. Tulipanda lori la ufuta, tukakaa juu ya magunia, tukafika weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga. Mjomba alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Kila sare niliyowahi kuvaa, tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita, ilitoka mikononi mwake, na kola zake hazikulegea hata nguo ikipauka. Mke wake tulimwita Mkaza. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilianzia tumboni, kikatikisa mabega kabla hakijatoa sauti. Alituchemshia ming'oko, mizizi ya porini, akatuketisha jamvini kuimenya ikiwa bado na moto, tuchovye kwenye chumvi na pilipili. Ukisema umeshiba alikuambia, "Tumbo la mtoto halina mlango," akaongeza. Jioni aliniweka katikati ya magoti yake, akanisuka huku akinifundisha nyimbo ambazo mama alinikataza kuziimba nilipofika nyumbani.

Mkaza na Mjomba walikaa miaka mingi bila mtoto. Nilipokuwa darasa la saba habari ikatufikia kwamba Mkaza ni mjamzito. Mama alipiga vigelegele akiwa na mchi mkononi. Kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, Mkaza akaenda kwa mama yake, upande wa Kilimarondo, kule ambako watu huwashia tembo moto wasiingie kwenye mahindi. Uchungu ulipomshika, Mjomba alikuwa huko huko. Wakampeleka zahanati moja ambayo jina lake sitalitaja. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, akaitwa Salima. Mkaza hakurudi.

Wakubwa wa enzi zetu hawakuwa na kawaida ya kumweleza mtoto kifo. Tuliambiwa tu kwamba Mkaza amepumzika, kisha tukatumwa kuni. Niliokota kuni nalia, na hakuna aliyeniuliza ninalia nini, maana kila mtu alikuwa akilia. Salima aliletwa kwetu amefungwa kwenye kanga ya mama yake. Mama akamlea pamoja nasi. Mjomba alirudi Ruangwa kwenye cherehani yake, na tangu siku hiyo akawa na neno moja. Alilisema msibani, akalisema kwenye harusi za watu, akawaambia hata wateja waliokuja kupunguza suruali: "Mpwa wangu Hadija anakuwa daktari."

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu, mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anakulisha na kukupenda, lakini ukitaka kuolewa, ukitaka kusafiri, ukitaka kusoma, ataulizwa mjomba. Nami sikuona shida. Nilisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa bidii, na kila likizo Mjomba alinipima sare mpya, akashika mkanda wake wa kupimia na kusema, "Simama wima, daktari." Nilisimama wima.

Nilipomaliza kidato cha sita nikarudi nyumbani kungoja matokeo. Wakati huo Bibi alikuwa ameanza kupata kizunguzungu. Siku moja alianguka shambani, kapu la muhogo likamwangukia. Baba akampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya Mnero, akapimwa, ikaonekana ana presha, akapewa vidonge. Wiki chache baadaye akaanguka tena. Hatukuelewa, maana pakiti ilikuwa ikipungua vizuri kabisa.

Nilielewa asubuhi moja nilipomkuta barazani na wazee wenzake wawili. Bibi alikuwa amekunja nne, pakiti mapajani, anawagawia vidonge.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nawapa wenzangu," akanijibu bila kustuka. "Na wao kichwa kinawauma."

"Hiyo ni dawa ya presha yako wewe."

"Sasa nile peke yangu kama mchoyo? Hawa ndio walionizikia mume wangu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Bibi hakuwahi kula kitu peke yake maisha yake yote, hata korosho moja aliigawa kati. Nikakaa chini. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kujibu salamu, kwa hiyo nikamweleza kwa Kimwera, polepole, kwamba damu yake inakimbia kwa nguvu kama maji ya mvua kwenye korongo, na kidonge hiki kinaipunguza mbio, lakini kazi yake ni ya siku moja tu, kesho inaanza tena. Nikamwambia mwenzake ambaye damu yake haina mbio akikimeza, anaweza kuanguka yeye. Wazee wale wawili wakavirudisha vidonge upesi kama vimewachoma.

Bibi akavikusanya vidonge mapajani. "Mbona kule hawakuniambia?"

"Walikuambia, Bibi."

"Aa. Walisema kitu. Mimi niliitikia ndiyo, ndiyo, ili waniache niende nyumbani."

Tangu siku hiyo alimeza kidonge chake kila asubuhi baada ya uji, akinionyesha ulimi kama mtoto. Hakuanguka tena. Wale wenzake wakaja na dawa zao, zimefungwa kwenye pindo la kanga, wakataka nao waelezwe. Wakaja wengine. Nilikuwa nakaa barazani nawasikiliza, nasoma maandishi madogo, nawaelekeza la kumwuliza daktari, na saa zilikuwa zinapita nisijue. Ndipo nilipoanza kusumbuka. Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa amewahi kutuambia kwamba chuo kikuu kuna masomo ya famasia, ya dawa tupu: zinavyotengenezwa, zinavyofanya kazi mwilini, namna ya kuzitunza na kuzitoa. Wakati ule tulicheka. Sasa neno lile lilikaa kichwani mwangu, nikilala lipo, nikiamka lipo.

Matokeo yalitoka mazuri. Nikamwambia mama ninachokitaka. Mama akaweka mkono kinywani. "Kaka yangu atavunjika moyo." Nikamwambia baba. Baba alikuwa akinoa panga, akaendelea kulinoa, kisha akasema, "Mimi sina neno. Lakini hili haliendi kwa salamu. Panda gari ukamwambie mjomba wako mwenyewe, uso kwa uso."

Nilifika Ruangwa jioni. Mjomba alikuwa anashona gauni la harusi, kitambaa cheupe kimejaa mezani. Nikapiga goti. "Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, daktari! Karibu. Nimesikia umefaulu, mtaa mzima nimeutangazia."

Nilijua nikinywa maji kwanza sitasema. "Mjomba, nataka kusomea famasia."

Cherehani ikasimama. "Ndiyo nini?"

"Dawa. Nitakuwa mfamasia."

"Yaani kuuza dawa za kichwa dukani?" Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Miaka yote hii, Hadija. Alama za kuwa daktari unazo, unataka kwenda kukaa dirishani?"

Nikamweleza habari za Bibi na vidonge vyake. Alisikiliza, akacheka kidogo aliposikia mama yake alivyovigawa, kisha uso ukarudi ulivyokuwa.

"Mama yangu ni mzee, anatosheka na kidonge. Mimi nataka mtu wa kuokoa roho. Unajua kwa nini nataka daktari? Unajua?"

"Kwa ajili ya Mkaza."

Hakuwahi kulitaja jina lile mbele yangu tangu msiba. Aliondoa miguu kwenye pedali, akakishika kile kitambaa cheupe kwa mikono yote miwili.

"Ninyi mlikuwa watoto, hamkuambiwa. Mtoto alitoka vizuri. Nikamsikia analia, nikasema alhamdulillahi. Halafu damu ikawa haikomi. Mganga wa zahanati alikuwa kijana, alihangaika, jasho linamtoka, alimkandamiza tumbo kwa mikono yake. Akatuma mtu kabatini kuleta sindano ya kukaza kizazi. Yule mtu akarudi mikono mitupu, akasema zimekwisha. Mganga akaenda kutafuta mwenyewe, akamwaga kabati zima chini. Akanitazama. Mimi sitasahau alivyonitazama. Mganga alikuwepo, Hadija. Alikuwepo. Dawa ndiyo..."

Akaishia hapo. Nje mtu alikuwa akinadi nyanya, akapita, sauti ikapotea. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama ile nguo ya harusi kama vile amekuta imeshonwa na mtu mwingine.

"Dawa ndiyo haikuwepo," alisema taratibu, safari hii si kwangu.

Nilihisi nikisema neno lolote nitakuwa nimelitumia jeneza la Mkaza kushinda maneno. Nikalia, naye akalia, akijifuta kwa mkanda wa kupimia uliokuwa shingoni mwake. Alipopata sauti aliniuliza, "Hao wanaosoma hiyo famasia, ndio wanaohakikisha kabati halikauki?"

"Ndiyo, Mjomba. Ni kazi yao."

"Ungekuwepo wewe siku ile, angepona?"

"Sijui, Mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani ningesema ndiyo asingeniamini tena. Akasogeza kiti, akanyoosha ule mkanda wa kupimia. "Haya, simama wima. Hao watu wa dawa wanavaa koti jeupe au hawavai?"

Nilivaa koti lile mpaka nikahitimu. Alilishona refu kupita kiasi, wenzangu chuoni wakanitania kwamba nimeazima kanzu. Leo nafanya kazi huku huku kusini, na asubuhi kitu cha kwanza, kabla ya chai, nafungua kabati la wodi ya wazazi na kuangalia sindano zile. Sijawahi kuacha. Bibi aliishi miaka kadhaa mizuri, akafa kwa uzee, si kwa presha. Mjomba naye ametangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mpaka mwisho aliwaambia wateja wake, "Madaktari wapo wengi, mpwa wangu ndiye mwenye dawa." Na Salima, ambaye sote tulidhani atafuata njia hiyo, hataki hata harufu ya dawa. Anasomea ualimu, na ana cheko la mama yake, linaloanzia tumboni.

Siku hizi vijana wa ndugu na majirani hunijia wakiwa wamekwisha kuchagua. Wamechagulia chumbani, mlango umefungwa, wakauliza kundi la kwenye simu lenye watu wasiojua hata jina la bibi yao. Wamejibiwa haraka kozi ipi ina ajira na chuo kipi kina bweni zuri, pamoja na vikatuni vya kucheka. Mmoja aliniuliza ilikuwaje nikakubali mtu mzima anipangie maisha, na mimi nikamwona ana haki ya kuuliza. Ilikuwa tabu. Wapo rafiki zangu walionyimwa masomo na wajomba zao, wakaolewa, na mpaka leo tukikutana hospitalini wanaligusa koti langu bila kusema kitu. Siwezi kuwaambia vijana kwamba enzi zetu zote zilikuwa asali.

Lakini ninapowaona wakibonyeza neno "thibitisha" kwa kidole gumba, wenyewe, huku wanatafuna chipsi, nasikia upweke ambao wao hawausikii. Mimi nilikataliwa kwanza na mtu aliyejua kipimo cha mabega yangu kila mwaka. Aliponiruhusu, nilijua imemgharimu nini. Kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa enzi zile ilikuwa vumbi na kutwa nzima juu ya gari. Sasa barabara imetengenezwa, unafika kabla hujamaliza mazungumzo. Njia imekuwa fupi, na wa kumwendea hayupo.