Mbwa wa Mollo Katika Grupu la Paka

Nimekulia dukani. Sisi ni familia ya Kiislamu, tunauza vitenge na mashuka mjini Sumbawanga, na paka wetu hulala juu ya majora ya vitambaa bila mtu kumfukuza. Kwa hiyo nilipofungua grupu la wapenda paka mtandaoni, hakuna aliyeshangaa. Tulianza majirani wachache, tukitumiana picha na kuulizana dawa ya viroboto. Watu wakaalikana, hadi nikawa siwajui wote.

Ndipo akaingia bibi mmoja, mjane, mkulima wa kijiji cha Mollo. Hakuwa na paka. Alituma picha ya mbwa mwekundu aliyelala kando ya kihenge cha mahindi, na ujumbe wa sauti wenye lafudhi nzito ya Kifipa: "Jamani, huyu ndiye ninayeishi naye. Tunaruhusiwa kukaa?"

Wakamcheka. Mmoja akarekodi sauti akiiga matamshi yake. Mwingine akaandika, "Admini, toa huyo bibi na mbwa koko wake."

Nilimtoa yule aliyeiga. Kisha nikaandika: "Bibi anakaa. Mbwa wake anakaa. Asiyetaka atoke."

Wakatoka wengi, wakafungua grupu lao. Niliumia, maana baadhi yao walikuwa wateja wetu, lakini sikumbembeleza hata mmoja arudi.

Mvua zilipoanza, bibi alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu akilia. Mbwa alikuwa amenaswa na mtego wa waya shambani, mguu umekatika hadi kwenye mfupa. "Nifanyeje, wanangu?"

Nilichukua funguo za pikapu ya mizigo. Shangazi yangu, mkubwa wa duka, akasimama mlangoni.

"Unakwenda kupakia mbwa kwenye gari letu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hiyo ni najisi!"

"Gari linaoshwa, shangazi. Nguo zinafuliwa. Hata mimi nitaoga."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema nilikwenda."

Nikampita.

Njia ilikuwa tope tupu. Nilimkuta bibi ameketi chini mbele ya nyumba, amemfunika mbwa kwa kanga yake ya kuendea kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akautazama ushungi wangu. "Wewe ndiye admini?"

"Ndiye mimi. Shika kichwa, mimi nashika huku nyuma."

Nilikuwa sijawahi kumgusa mbwa maishani. Alikuwa amelowa damu, anatetemeka, na moyo wake ulikuwa ukinigonga mkononi. Wakati tunashuka mjini, watu wa grupu walikuwa wameshampata bwana mifugo na wanatusubiri, mwanamke mmoja ameshika blanketi la mtoto wake. Mguu ulikatwa. Mbwa akapona.

Pikapu niliiosha mwenyewe mbele ya duka, mchana kweupe, wapita njia wakisimama kutazama. Mzee mmoja aliniuliza kama sioni haya. Nilimwamkia kwa heshima, nikamjibu kwamba sioni, nikaendelea kusugua.

Leo grupu lina watu wa Kaengesa hadi Mwimbi, wenye mbwa, paka, sungura, hata kondoo mmoja anayelala jikoni. Akiumwa mnyama wa mtu, wa karibu huenda. Bado wapo wanaonitaka niligawe, wa mbwa wawe kwao na wa paka kwao.

Sigawi.