Alinisindikiza Matangani Nisinywe, Wakadhani ni Pasta

Wakuu, niaje. Mimi humu huwa nasoma na kupita kimya, lakini hii imenikaa kifuani. Sijaongeza chumvi hata kidogo.

Mimi ni fundi wa viatu Kariokor, hapa Nairobi, nashona akala na sandals za ngozi.

Na mimi ni mlevi. Nilifika mahali asubuhi siwezi kushika kisu cha ngozi bila kuonja kidogo kwanza, ile tunaita kutoa lock.

Siku moja customer mmoja mzee alileta kiatu. Akanitazama nikihangaika kuingiza uzi kwenye sindano. Hakunihubiria. Alichukua sindano, akaingiza uzi mwenyewe, akanirudishia.

"Kijana, Jumamosi saa tatu asubuhi tuko Kaloleni kwa hall. Sisi wote tumetoka huko uliko. Chai iko."

Huyo ndiye Baba Shiro. Fundi wa mabomba aliyestaafu, Mkikuyu, mtu wa maneno machache mpaka inakera. Nilienda kwa sababu ya chai, nisiwadanganye.

Nilikuta watu kama kumi na wawili kwa viti vya plastiki. Mwalimu, makanga, mama mboga. Yanayosemwa hapo hayatoki nje. Na ukianguka, ukinywa tena, wewe ndiye unamiminia wote chai Jumamosi inayofuata. Hakuna kufokewa. Unamimina, na kila mtu anakuambia asante.

Nilimimina mara tatu, wakuu. Ile asante inauma kuliko matusi ya mke wangu, na Rose anajua kutusi.

Baada ya hapo nikashikilia, sinywi. Mwezi, miwili, minne. Rose, aliyekuwa amehama na watoto, akarudi.

Halafu baba akafariki, nyumbani Vihiga.

Watu wa kwetu mnajua. Kwenye matanga wanaume hujikusanya nyuma ya migomba, na mtoto wa marehemu akikataa glasi anaambiwa Nairobi imemharibu. Rose aliniambia wazi, "Ukionja hata tone huko, nachukua watoto naenda kwetu. Na safari hii sirudi."

Nililisema hilo kwa group.

"Mazishi ni lini?" Baba Shiro akauliza.

"Jumamosi ijayo."

"Sawa. Nitakuja."

Nilidhani ni maneno ya pole tu. Alhamisi asubuhi, mimi na Rose tukingoja gari, mzee akatokea stage, suti ya kahawia, begi dogo mkononi. Western hajawahi kufika maisha yake yote!

Sasa shida. Mzee mtulivu, suti, kila saa yuko kando ya mtoto wa marehemu, na hanywi. Shangazi zangu wakaamua wenyewe kwamba huyu ni pasta wangu wa Nairobi. Akapewa kiti kizuri. Akapewa firigisi ya kuku, ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi.

Ningesema si pasta, wangeuliza tumejuana wapi. Kwa hivyo nikanyamaza. Naye, kwa sababu ya ile sheria yetu ya kutotoa siri nje, hakufungua mdomo isipokuwa kutafuna.

Ijumaa mchana ndugu yangu Wycliffe akaniita nyuma ya migomba. Nikaenda, miguu yenyewe ilienda. Baba Shiro akainuka akanifuata. Wanaume wa hapo walipomwona, jagi la pombe likaingia chini ya gunia.

"Karibu, mtumishi!"

Ikawa hivyo siku nzima. Kila niliposimama alisimama, na kila tulipofika pombe ilifichwa. Nilikuwa na hamu ya kulia na ya kucheka pamoja.

Jumamosi, mbele ya jeneza, MC akatangaza, "Sasa tusikie neno kutoka kwa pasta wa Nairobi."

Baba Shiro akashika mic. Akaniangalia. Mzee huyu hawezi kudanganya mbele ya maiti, na hawezi kutoboa siri yangu. Akasimama tu, jasho linamtoka, watu mia kadhaa wanangoja.

Aibu yangu ndiyo ilikuwa inamchoma yeye. Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda nikachukua mic.

"Huyu si pasta. Ni fundi wa mabomba. Mimi ni mlevi, nina siku mia moja ishirini na sita sijaonja, na amekuja kunichunga nisinywe kwa mazishi ya baba yangu."

Nikamrudishia MC mic.

Halafu shangazi yangu mkubwa kutoka huko nyuma: "Na firigisi amekula!"

Tent nzima ikaangua kicheko. Rose alikuwa anacheka na kulia, ameshika mkono wa mzee kama wa baba yake.

Tulimzika baba vizuri. Jioni, Wycliffe akaja akakaa karibu na Baba Shiro, ananuka pombe, macho chini.

"Mzee, unarudi kesho?"

"Ndio."

"Hauwezi kaa mpaka Jumatatu? Jumatatu huwa inanishinda."

Alikaa mpaka Jumatano.

Nilichojifunza: nilikuwa nadhani kuacha pombe ni kukaza roho peke yako. Mimi nimeachishwa na watu wanaokuja kukaa na wewe bila kuulizwa mara mbili. Baba Shiro namheshimu kuliko wakubwa wote ninaowajua.

Wa Eastlands, kama inakubana, uliza Kaloleni, usione haya. Na mwenye kujua group yoyote karibu na Vihiga, tafadhali andika hapa chini. Ndugu yangu amenipigia mara tatu wiki hii akiuliza, na sijui nimwambie nini.