Kuizunguka Dunia Bila Kutoka Kibwezi

Wimbo ule ukipigwa hotelini, mimi huiacha chai yangu mezani na kutoka nje. Wahudumu wa Kibwezi wameshanizoea, wanadhani nina ugonjwa wa masikio. Masikio yangu ni mazima. Ile besi inayotembea chini ya maneno yale ni mimi niliyeipiga, kwa vidole vyangu hivi, nami sitaki kuisikia.

Siku za kazi mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Wikendi, kwa miaka mingi, nimekuwa mpiga besi katika bendi ya benga ya Kikamba. Mtu asiyetoka kwetu husikia gita tu na vumbi la miguu, lakini nyimbo zetu zina mpango wake. Mwanzo huenda polepole. Hapo mwimbaji hueleza alikokwenda na kuwashukuru waliompokea: nani alimchinjia mbuzi, nani alimpa kitanda, nani alimtilia mafuta gari likafika. Zikiisha shukrani hizo ndipo magita huachiliwa na watu wakacheza. Sehemu ile ya polepole si pambo. Msikilizaji wa Kitui au Makueni huipokea kama ushahidi wa mtu aliyesimama kanisani. Ukiimba kwamba ulilala kwa fulani, basi ulilala.

Nakumbuka Migwani, siku moja ya soko, tulimshukuru mtu kwa chakula na malazi, kumbe tulikuwa tumelala kwa ndugu yake, nyumba ya pili. Mwenye nyumba halisi alipanda jukwaani, akashika shingo ya gita la kwanza na ngoma ikanyamaza. Hakutukana. Alisema tu kwamba mke wake aliamka alfajiri kutupikia, na sifa zimekwenda kwa jirani. Tulianza wimbo upya, tukamtaja yeye na mkewe, ndipo akashuka. Hakuna aliyemcheka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa katika kazi hii, na mimi niliipenda kwa sababu hiyo.

Kisha ukaja ugonjwa wa dunia. Kila ukifungua redio unakuta kijana anayeimba majina ya miji: Dubai, London, Toronto, Sydney, Tokyo, na ndege inalia kati ya ubeti na ubeti. Orodha ya miji ingekuwa wimbo, basi ubao wa ofisi ya basi ungechezwa harusini. Lakini watu walizipenda nyimbo hizo, na mwimbaji wetu akaona ameachwa nyuma. Yeye ndiye mwenye bendi, mwenye sauti nzuri kuliko wote niliowahi kupigia, na mwenye akili ndogo ya kujua sauti ile ni ya nini. Akatangaza kwamba nasi tutaizunguka dunia.

Mtu huyu hajawahi kuvuka Mombasa. Huko Mombasa kwenyewe alikwenda mara moja, akashinda chooni kwa sababu ya madafu. Pasipoti hana. Nilipomuuliza ataizunguka dunia kwa miguu ipi, alinijibu kwamba siku hizi dunia inazungukwa kwa kitambaa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kijani, kimepigiliwa misumari ukutani katika chumba kilicho nyuma ya kinu cha unga. Unasimama mbele yake, unacheza, halafu kijana wa kompyuta anakitoa na kuweka mji nyuma yako. Kinu kilipowashwa tulisimamisha kazi, kikizimwa tunaendelea. Vumbi la unga lilitua juu ya kila kitu, na mwimbaji wetu akafurahi akisema Toronto imepata theluji. Alivaa koti la mtumba lenye manyoya shingoni, katika joto la Kibwezi, jasho likimchuruzika hadi kwenye viatu. Alikuwa anavuta sanduku la magurudumu lisilo na kitu ndani. Mimi nilisimama pembeni na besi yangu nikiona aibu kama mtu aliyeingia choo cha wanawake.

Hayo yote ningeyameza. Uongo wa picha ni wa picha, mtoto mdogo anaujua. Kilichonitia kinyaa ni ile sehemu ya polepole. Aliichukua sehemu ya kushukuru, ile ile iliyotusimamisha Migwani, akaijaza watu wasiokuwepo. Kwa London alimshukuru mwenyeji aliyemtandikia kitanda. Na Doha aliimba kwamba alipokelewa na vijana wa kwetu, wakampikia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, wakala wakashiba wakikumbuka nyumbani. Nilimuuliza vijana hao ni akina nani. Akasema wimbo ni wimbo. Nikamwambia kwamba kwetu si hivyo, na shukrani ya uongo ni mbaya kuliko matusi, kwa maana anayetukanwa angalau yupo. Alinipiga begani akacheka, akaniambia nirudi kwenye besi yangu.

Wimbo ulipotoka, alijificha. Alikwenda kwa wakwe zake, mbele kidogo ya Migwani, akakaa ndani kwa wiki kadhaa ili aaminike kuwa yuko safarini. Akiwa huko alipiga simu redioni akasema anaongea kutoka Toronto. Jogoo akawika, kila mtu akamsikia. Mtangazaji alimuuliza kama Kanada nako wanafuga kuku, naye akajibu bila kusita kwamba kule kuku ni wengi kuliko sisi. Kibwezi nzima ilicheka siku hiyo, kwa sababu Kibwezi tunamjua, kinyozi wake ni kinyozi wetu. Lakini redio haiishii Kibwezi. Inafika Kasikeu, inafika Mwingi, inafika kwa watu ambao hawajui kinyozi wa mtu yeyote.

Aliporudi alikuwa amegeuka. Miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, salamu za Kizungu cha puani, na tabia ya kutazama chakula chetu kana kwamba amekisahau. Tuliitwa kila mahali. Mialiko ilikuwa mingi kuliko tulivyowahi kupata, na mimi nilikwenda, nikapiga, nikarudi nyumbani nikanawa mikono.

Ndipo tukaitwa Kasikeu, kwenye harambee ya shule. Tulipomaliza nilikuwa nakunja nyaya nyuma ya spika. Akaja mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa cha kanisa kichwani, amevaa viatu vya kufungwa ijapokuwa jua lilikuwa kali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndio mnapiga na yule alienda Doha?" akaniuliza. "Nimekuja kusema asante. Kijana yangu alipata mzigo."

Nilimuuliza mzigo gani. Akanieleza polepole, akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi. Mwanawe wa pekee alikwenda Doha kuwa askari wa geti. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, halafu siku moja akasema anabadilisha mwajiri, na tangu hapo namba yake haipatikani. Mama alizunguka ofisi baada ya ofisi na picha yake. Kisha akausikia wimbo kwa jirani: vijana wa kwetu, Doha, muthokoi. Akamtafuta mwimbaji wetu hadi nyumbani kwake, akampelekea kuku aliyekaangwa akakaushwa, asali ya kwao na ndengu, akamwomba akirudi huko ampelekee mwanawe. Mwimbaji akapokea. Mama aliporudi kuuliza, aliambiwa kijana ameonekana, amenenepa, simu yake iliibwa, na mzigo aliula siku hiyo hiyo.

Alinieleza kwamba alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na kanisa lote likapiga makofi. Mwaka ulikuwa umepita. Aliniuliza kama kweli amenenepa, maana tangu utotoni alikuwa mwembamba sana.

Nilimwambia sijawahi kufika Doha, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikamwomba anielekeze kwake. Sikutaka kumvunjia moyo pale penye watu, katikati ya nyaya. Nilitaka kwanza kuusikia uchafu huo kutoka kinywani mwa mwimbaji mwenyewe.

Nilimkuta mwimbaji wetu ameketi ndani ya gari letu akila nyama choma. Nilipomuuliza kuhusu mama huyo, hata hakuacha kutafuna. Alisema ndiyo, wanakuja wengi, huyo ni mmoja tu. Mwingine wa Kitui alimletea sweta. Nikauliza kuku alienda wapi. Akasema alikaa naye hadi akaanza kunuka, akawapa mbwa. Asali aliipaka kwenye mkate.

"Ningemwambia nini?" akasema. "Mama alikuwa halali. Sasa analala. Si hiyo ni kazi nzuri nimefanya?"

Mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye kidevu chake. Nimeona mambo mengi machafu katika muziki: walevi wanaotapika jukwaani, wazee wanaowashika wasichana wa kucheza, promota anayekimbia na pesa ya mlangoni. Hakuna lililowahi kunichefua kama kidevu kile. Akaendelea kuniambia kwamba anatunga sehemu ya pili, atazunguka miji iliyobaki, na safari hii atataja majina ya watoto wa watu, kwa kuwa wazazi watapenda. Nilishusha besi yangu kutoka kwenye gari. Amplifaya ilikuwa yake, nikamwachia. Nililala Kasikeu kwa fundi mwenzangu, na sijampigia tena.

Asubuhi nilikwenda kwa yule mama. Ni nyumba ya matofali yenye ua uliofagiwa vizuri, na mezani palikuwa na picha ya kijana mwenye sare. Alinitengenezea chai kabla sijasema lolote, nami nilikataa kuinywa kwanza, jambo ambalo kwetu ni dalili mbaya. Aliketi. Nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu mzazi, nikamwambia mambo kama yalivyo: mwimbaji hajasafiri, hana pasipoti, wimbo ulitengenezwa nyuma ya kinu cha unga, na mwanawe hakuonekana na mtu yeyote.

Hakulia. Alibishana nami. Alisema labda mimi na mwimbaji tumekosana, ndiyo maana namchafulia jina. Alisema ndege aliiona kwa macho yake kwenye simu ya jirani. Aliniuliza, kama hakufika, angejuaje kwamba huko kuna vijana wetu? Na tangu lini mtu akaimba kwamba amepikiwa na hakupikiwa? Nilimweleza habari za mbwa. Nisingependa kuzisema, lakini nilizisema, kwa sababu nilimwona anaanza kuutafutia uongo ule mahali pa kusimama. Hapo akaichukua picha, akaifuta kwa upindo wa leso ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwa hivyo mwaka mzima sijamtafuta," akasema. "Nilikuwa nimeketi hapa, nimeshukuru."

Hilo ndilo ambalo mwimbaji wetu hakulifikiria, au alilifikiria akaona halimhusu. Mama alikuwa ameacha kwenda ofisini. Aliacha kuwauliza watu waliorudi kutoka huko. Mtu ambaye mwanawe ameonekana, amenenepa na amekula kuku wa nyumbani, atakwenda kumtafuta ili iwe nini? Kama kijana alikuwa hospitali, au gerezani, au amenyang'anywa karatasi zake na anangoja mtu wa kwao aulize, mwaka huo wote hakuna aliyeuliza. Nilikunywa ile chai ikiwa imepoa. Tukakubaliana Jumatatu twende mji wa Wote, kwenye ofisi ya serikali aliyokuwa akienda zamani.

Alivaa vile vile viatu vya kufungwa. Ofisi ilikuwa na foleni, tukangoja kwenye benchi pamoja na watu wa vitambulisho na watu wa mashamba. Afisa aliyetuhudumia alikuwa mwanamke mpole, wa umri wa kuweza kuwa binti yake. Alimsikiliza mama bila kumharakisha, akaitazama picha, akaandika. Akasema anaona kwamba familia ilikuwa inakuja mara kwa mara, halafu ghafla ikanyamaza, na katika mambo kama haya muda ndio kila kitu. Akauliza kulitokea nini.

"Niliambiwa ameonekana," mama akajibu.

"Na nani? Mtu wa familia? Mtu wa ubalozi?"

"Na wimbo."

Afisa aliacha kuandika. Alimtazama mama, kisha akanigeukia mimi akitaka nimweleze kama mama yangu huyu yuko sawa kichwani. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, lakini mama alidhani labda hakusikika vizuri. Akajisogeza mbele, akaweka mikono juu ya meza na kuanza kuuimba ubeti wa Doha, polepole, kwa sauti ya kanisani, ili afisa auandike. Alikuwa anaujua wote, hadi jina la chakula.