Na Wale wa Kwenye Droo

Nusu ya sare za shule zilizopita mtaani kila asubuhi zilitoka kwenye cherehani yake, lakini hakuna aliyemwita fundi. Wote walimwita Mama Kiganja. Akiletewa habari ya mgonjwa, hata awe mbali namna gani, alitoa mguu kwenye pedeli, akaweka viganja juu ya mapaja, akafumba macho na kumwazia yule mtu uzima. Basi. Hakuna makelele, hakuna dawa, hakuna malipo. Ukimpa chochote anakufukuza, na nguo yako inakaa chini ya foleni mpaka ukome. Watu waliapa kwamba wamepona. Wengine walikuwa na mafua tu, yangepona hata wakiombewa na paka, lakini nani angethubutu kuwaambia?

Alikuwa na mdogo wake wa kike, muuza viatu vya mitumba upande wa pili wa barabara, mwanamke mwenye mdomo wa kuuzia na wa kugombania. Huyu alipata uvimbe kwenye titi. Hospitali walimwambia utolewe, tena upesi.

"Mimi na kisu? Thubutu!" alisema, akicheka, huku amekaa kwenye meza ya dada yake ya kukatia vitambaa. "Nina dada mwenye kiganja, nikakatwe kwani nina wazimu?"

Mama Kiganja hakucheka. Miaka yote ile hakuwahi kujiuliza kama jambo lile linafanya kazi kweli. Kumtakia heri jirani anayeumwa tumbo ni kitu kimoja. Kubeba roho ya ndugu yako kwenye viganja viwili ni kitu kingine kabisa. Alimsihi mdogo wake akatibiwe, akamsihi tena, na kila akimsihi yule anajibu, "Dada, acha unyenyekevu."

Basi akafunga duka mchana kweupe, akaenda hospitali mwenyewe. Kulikuwa na daktari pale aliyekuwa akitafuta waombeaji na waganga wa kuwaza kwa mbali ili awapime kisayansi. Wote walikuwa wamemtimua, wakidhani anawadhihaki. Mama Kiganja akaingia na kuketi bila kukaribishwa.

"Daktari, nipime."

"Presha, Mama?"

"Presha ya nini? Nipime kiganja."

Daktari nusura aanguke na kiti. Akamweleza kipimo chenyewe. Wangechukuliwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, wenye vidonda vinavyofanana. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, picha zao angepewa yeye awawazie. Picha za nusu nyingine zingefungiwa kwenye droo ya mfamasia. Wauguzi wa kupima vidonda wasingejua nani yuko wapi. Hata daktari mwenyewe asingejua.

"Wewe tena? Kwa nini usijue?"

"Kwa sababu mtu akitamani kuona jambo, Mama, macho yake humsaidia kuliona."

"Kumbe na wewe hujiamini!" Mama Kiganja akapiga makofi kwa furaha. Tangu hapo alimpenda daktari yule kama mwanawe.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi kabla ya kugusa mkasi, alizipanga picha mezani na kuziendea moja moja, hana haraka hata kidogo, wateja wakigonga wagonge. Mdogo wake alikuja kumtazama. "Majibu yakitoka," alisema, "nitayabandika pale hospitali wayasome wenyewe." Uvimbe nao haukuwa na subira yake. Mama Kiganja aliuona chini ya blauzi alizomshonea kwa mkono wake, akaendelea na picha.

Siku ya majibu waliingia wote wawili chumbani kwa daktari. Daktari hakuzunguka mbuyu.

"Makundi yote mawili yamepona sawasawa, Mama. Wenye picha kwako na wenye picha kwenye droo. Sioni kazi ya kiganja hapa. Pole."

Mama Kiganja akakohoa.

"Daktari, kuna kitu nimeharibu. Kila nikimaliza wale wangu, nilikuwa naongezea: na wale wa kwenye droo."

Daktari akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Wale ndio wa kuwalinganisha nao! Walitakiwa waachwe!"

"Niliwaacha siku ya kwanza, haki ya Mungu. Nikashindwa hata kutunga uzi. Wamelala kule na vidonda vyao, halafu mimi niwaruke kama madimbwi?"

Kipimo kizima kikawa kimeoza. Sasa hakikusema ndiyo wala hapana. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini mwishoni alicheka mwenyewe bila kupenda. Mama yule angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

Mdogo mtu ndiye aliyeruka kitini. "Mmesikia? Wote wamepona kwa sababu wote wamewaziwa! Dada, twende zetu nyumbani!"

Hapo ndipo wengi wetu tungeinuka na kwenda nyumbani kweli, vifua mbele. Sababu ilikuwa imepikwa na kupakuliwa. Mtaa mzima ungeila, na jina la Mama Kiganja lingekuwa kubwa kuliko jana.

"Kaa chini," alisema. "Daktari, katika hao wote, wa kwangu na wa kwenye droo, kuna hata mmoja ambaye hakupasuliwa?"

"Hakuna. Vidonda vyenyewe ni vya kupasuliwa."

"Umesikia, mdogo wangu? Wote walikatwa kwanza, wakashonwa, wakanywa dawa. Mtu wa kumwazia ili asikatwe sijawahi kupimwa naye. Na sitaanza na wewe."

"Huniamini?"

"Nakuamini sana. Mimi ndiye sijiamini." Akamgeukia kabisa. "Na kuanzia leo sikuwazii. Viganja hivi huvipati mpaka ukubali kitanda cha upasuaji."

Mdogo wake alimtazama kana kwamba amepigwa kofi.

"Watu baki wa kwenye droo unawawazia. Mimi niliyenyonya ziwa moja nawe, unaniruka?"

Akatoka, akabamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Mama Kiganja hakumfuata. Aliikalia mikono yake pale kitini na kulia waziwazi. Daktari akamletea maji.

Ukapita wakati mbaya. Yule wa viatu alifungua kibanda, akafunga kibanda, hata salamu hana. Mama Kiganja alishona sketi moja mbele nyuma, jambo lisilowahi kutokea. Kisha siku moja mdogo mtu akavuka barabara, akatupa begi juu ya vitambaa.

"Haya. Wamenipangia Jumatatu. Umefurahi?"

"Sana," alisema Mama Kiganja, akakaa sakafuni.

Jumatatu asubuhi alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, ameshika ukingo wake, mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Mdogo wake alikuwa amevaa joho la hospitali lililoshonwa vibaya, na wote wawili walikuwa wameshalikosoa.

"Dada, nimetimiza yangu. Sasa anza."

"Sikuwahi kuacha."

"Hata siku ile?"

"Hata ulipokuwa unabamiza mlango. Mikono nilikuwa nimeikalia, lakini moyo ulikuwa umeshatoka nawe."

"Muongo mkubwa wewe!" Alicheka huku machozi yakimwingia masikioni, na muuguzi akasema jamani Mama, usimchekeshe, atatuangukia.

Kitanda kikaingia ndani. Mama Kiganja akarudi kwenye benchi, akaweka viganja juu ya mapaja na kufumba macho, akiogopa kama mtu mwingine yeyote.