Tulipokuwa Tukitengeneza Dirisha la Kana

Asubuhi ya kawaida kwetu ilianza kwa kukanda. Unga wa chaki unamiminwa kwenye karai, mafuta ya kitani yanaongezwa kidogo kidogo, na mtu anakanda kwa mikono miwili mpaka rojo inakuwa nzito kama ugali ambao haujaiva. Njoroge ndiye aliyekuwa akikanda, na kila siku aliuliza kama nimeleta mboga.

Tulikuwa watu watatu. Fundi Santokh, Singasinga mzee aliyejifunza kazi ya vioo kwa baba yake. Njoroge, Mkikuyu wa Mutuini, kijiji cha pembeni mwa mji, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote. Na mimi, Shem, niliyetoka Bunyore, mbali magharibi, kutafuta kibarua na kuangukia kazi niliyoipenda. Tulikuwa tukitengeneza madirisha ya kanisa la mawe katikati ya mji wa Nairobi. Mimi na Njoroge tulilala vyumba vya nyuma ya kanisa. Jumamosi jioni yeye alikwenda Mutuini kwa mkewe, Wambui, akiwa na barua ya mwajiri mfukoni.

Nieleze kazi yenyewe polepole, kwa maana bila kuielewa hutaelewa kosa langu.

Dirisha la kanisa si kioo kimoja kilichopakwa rangi, kama wengi wanavyodhani. Ni mamia ya vipande, kila kimoja na rangi yake, vimeshikanishwa kwa vijiti laini vya madini ya risasi vyenye mifereji pande zote mbili. Kioo kinakaa ndani ya mfereji. Miaka ikipita, madini yale huchoka, dirisha huvimba kama tumbo, na mvua huanza kuingia. Hapo unalishusha, unalilaza mezani, unavua vijiti vya zamani na kuunganisha vipya kwa moto. Mwisho unasugua ile rojo ndani ya kila mfereji kwa brashi, unamwaga vumbi la mbao juu yake linyonye mafuta, kisha unasubiri. Ukienda haraka, dirisha litavuja. Fundi alikuwa akituambia, "Kazi ya kanisa hapana haraka. Mungu yeye iko tu."

Dirisha la mwezi ule lilikuwa la harusi ya Kana. Lilikuwa na mitungi sita ya rangi ya udongo, na nyuma yake buluu ambayo sijaiona kwingine. Tulikuwa tumelishusha lote. Mahali pake ukutani tulitundika nguo ya marekani, na upepo wa Aprili ulikuwa ukiitunisha na kuiachia.

Sasa, mafuta ya kitani hayatoki kwenye karatasi. Mwaka mmoja kabla, kipande changu, ile hati ya utambulisho, kiliingia mafuta na karani wa ofisi ya wilaya akakataa kukisoma. Alinifokea mbele ya watu, akasema aliyeficha jina lake kwa mafuta ana sababu. Tangu siku hiyo niliweka sheria: kabla ya kugusa rojo, kila mmoja anavua koti na kunipa karatasi zake. Niliziweka kwenye bati la biskuti, nikalifunga kwa kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Njoroge alinicheka. Alisema hajawahi kuona mwanaume anayefunga vitu kama mama mkwe. Lakini alitii, na karatasi zake zilibaki safi.

Usafi huo ulimsaidia. Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Waingereza dhidi ya waasi, ilikuwa katika mwaka wake wa pili, 1954, na askari walikuwa wameanza kuuzunguka mji mtaa kwa mtaa, wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru majumbani. Jumatatu walifika kwetu. Walisoma kipande cha Njoroge, wakasoma barua ya mwajiri, wakamrudishia. Wapishi wawili wa jirani ambao barua zao zilikuwa zimechakaa walipakiwa kwenye lori. Usiku ule Njoroge hakutania. Aliniambia kwamba karatasi mbili ndizo zilizosimama kati yake na lori lile.

Nilimwambia basi imekwisha, wameshapita. Niliamini nilichosema.

Alhamisi asubuhi, nilipofungua bati nipokee karatasi zake, hakunipa mara moja.

"Leo nitakaa nazo mwenyewe," alisema. "Hawa watu wanaweza kurudi."

Nilimwonyesha mikono yake. Ilikuwa tayari myeupe kwa unga wa chaki mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza, kwa uvumilivu kama nilivyozoea, kwamba kipande chenye madoa ni kibaya kuliko kutokuwa na kipande. Nikamkumbusha karani. Nikamwambia hatoki nje, kazi yote ni ya mezani.

"Shem, niachie tu."

"Ukikiharibu utanilaumu mimi."

Alinitazama, akacheka kidogo bila furaha, akaniachia. Niliweka karatasi ndani na kufunga.

Ilipofika saa nne vumbi la mbao likaisha. Seremala alikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano. Fundi alikuwa amekwenda dukani kununua misumari. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa nikikwangua chokaa kuukuu kwenye mawe ya dirisha. Njoroge aliita kutoka chini kwamba anakimbia kuchukua gunia moja, atarudi kabla sijashuka. Nilijibu sawa. Sikufikiri juu ya bati. Wala yeye, nadhani. Mtu aliyeshika kazi yake hufikiri kazi.

Nilisikia malori kabla ya kuyaona.

Nikainua pembe ya marekani.

Mtaa ulikuwa umefungwa pande zote mbili. Watu walikuwa wamechuchumaa barabarani, mikono kichwani, mistari miwili. Njoroge alikuwa wa nne katika mstari wa karibu. Gunia la vumbi la mbao lilikuwa pembeni yake, limepasuliwa kwa singe, na vumbi limemwagika.

Askari alikuwa akitaka karatasi, mtu kwa mtu.

Njoroge aligeuza kichwa akatazama juu, kwenye dirisha.

Nilishuka. Kufuli likanishinda mara mbili. Nilipata karatasi zake, nikakimbia mpaka mlangoni.

Mlangoni palikuwa na mzungu, kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, na askari Mwafrika kando yake. Mzungu aliinua bunduki hadi kifuani pangu.

"Kipande cha yule pale kiko hapa," nilimwambia askari. "Anafanya kazi hapa kanisani. Ni Njoroge."

"Kwa nini kipande yake iko kwako?"

Hebu fikiri swali lile. Lilikuwa na jibu jepesi kabisa, la mafuta na unga wa chaki. Mimi nilimnyooshea karatasi tu.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyore."

"Basi rudi ndani kwa Mungu wako, kabla sijaona na wewe uko kwa hii maneno."

Nilirudi ndani.

Hatua tatu nyuma, labda nne. Nilisimama kwenye kivuli cha mlango na karatasi mkononi, nikasikiliza watu wakipandishwa, kisha malori yakaondoka kupanda kilima kuelekea Lang'ata, kulikokuwa na kambi ya kuchujia watu.

Fundi Santokh aliporudi alininyang'anya karatasi, akapanda baiskeli kwenda Lang'ata vile vile alivyokuwa, na mafuta mikononi. Hawakumruhusu kukaribia seng'enge, akanirudishia karatasi. Kesho yake tulimwendea padri. Alikuwa mtu mwema. Aliandika barua nzuri na ndefu, akaahidi kuipeleka mwenyewe. Aliipeleka Jumatatu. Walimwambia garimoshi la kumpeleka Njoroge na wenzake kizuizini Manyani limeondoka Jumapili.

Jumatano nilikwenda Mutuini. Wanawake walikuwa wakilazimishwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji, walinzi wakisimama juu yao. Wambui alikuwa ndani ya handaki, udongo ukimfika kifuani. Mlinzi alinipa muda mfupi. Nilichuchumaa ukingoni nikampa kile kipande, na akakigeuza mkononi bila kuelewa.

"Alitoka bila kipande?" aliuliza.

"Alisahau," nikasema.

Neno moja tu. Lilinitoka kabla sijalichagua, na baada ya hapo sikulirudisha.

Mimi na Fundi tulimaliza dirisha. Mitungi miwili ya mwisho niliiunganisha mimi, na mwenye kuijua kazi ataona mshono wangu ni mnene. Waumini walilisifu. Mwaka uliofuata mtu mmoja aliyetolewa Manyani alipita Mutuini akamwambia Wambui kwamba mumewe alikufa kwa homa ya matumbo, na kwamba walizika wengi siku ile. Kaburi hakuweza kulieleza.

Nilianza kumpelekea Wambui unga na sukari kila nilipoweza. Alinipokea kama shemeji. Mara nyingi nilimsikia akiwaambia watoto wasiwe kama baba yao, mtu wa kusahau. Kwamba kwa kusahau kwake walikua bila baba. Kariuki, mtoto mkubwa, akipoteza hata kalamu ya shule, alichapwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa nikinywa chai na kunyamaza.

Nilinyamaza miaka tisa. Mwaka tulipopata uhuru, nilikwenda nikamwambia. Nilimweleza yote kwa utaratibu: bati, sheria yangu, Njoroge alivyoomba mara mbili, nilivyomkatalia, hatua nilizorudi nyuma mlangoni.

Sikuona hasira usoni mwake, na ningeitamani.

"Nilimkasirikia," alisema. "Nililetewa habari ya kifo na bado nilikuwa nimemkasirikia. Sikumlilia vizuri."

Kisha akatoka nje, akawaita watoto. Wakaja, Kariuki sasa mrefu kuliko mimi. Wambui akawaketisha kwenye benchi mbele yangu.

"Waambie," alisema. "Usiruke kitu."

Nikaanza upya, tangu kwenye karai. Nilipomaliza, Kariuki alikuwa akitazama sakafu.

"Kwa hivyo baba hakusahau," alisema.

"Hakusahau. Alikiomba."